Seyyid Khalid bin Barghash: Sultani wa Siku Mbili Aliyefia Mombasa

Ukivitaja vita vya Unguja vya mwaka 1896, wengi hucheka. Vimeingia katika vitabu vya maajabu ya dunia kuwa ndivyo vita vifupi kuliko vyote: dakika 38 kwa hesabu ya wengi, wengine husema ni 40 na kitu. Watoto wetu huviona kwenye simu zao, picha ya jumba lililobomoka na maneno mawili matatu ya mzaha, kisha wakapita. Lisilotajwa ni kwamba katika dakika hizo watu kama 500, wanaume kwa wanawake, waliuawa au kujeruhiwa, na karibu wote hawana hata jina walipoandikwa. Wala haitajwi kwamba yule kijana aliyekuwa ndani ya jumba hakufa siku ile. Aliishi miaka 30 zaidi, akahamishwa kutoka pwani hii hadi visiwa vya mbali, na mwisho akafia hapa petu Mombasa mwaka 1927.

Huyo ni Seyyid Khalid bin Barghash, Mwenyezi Mungu amrehemu. Ukitaka kujua siasa ya Mwingereza ilivyofanya kazi katika nchi za watu, huna haja ya kwenda mbali. Maisha ya mtu huyu mmoja yanatosha.

Mwana wa Barghash

Khalid alizaliwa mwaka 1874. Babake, Seyyid Barghash bin Said, alitawala tangu 1870 hadi 1888, na bado watu wa Unguja humkumbuka kwa maji ya Chemchem aliyoyaleta mjini kwa mabomba, na kwa Beit al-Ajaib, jumba la maajabu lililokamilika mwaka 1883. Wakati ule amri ya Sultani ilisikika pwani yote, na bendera yake nyekundu ilipepea Mombasa, Lamu, Malindi, Bagamoyo na Kilwa.

Lakini Barghash mwenyewe alishaujua mkono wa Mwingereza. Mwaka 1859, akiwa kijana, alijaribu kumnyang'anya ufalme kakake Seyyid Majid. Mwingereza alikuwa upande wa Majid. Mabaharia wa manowari zake wakasaidia kulivunja jaribio lile, na Barghash akapelekwa Bombay uhamishoni kwa miaka miwili. Baada ya kufa Majid, Barghash yule yule akakalia kiti, na safari hii balozi wa Kiingereza hakuzuia. Mwaka 1873 akabanwa tena: atie saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini na kufunga soko lao, au kisiwa kizingirwe na manowari. Akatia saini.

Khalid alikuwa na miaka kama 11 zilipokuja manowari za Wajerumani, Agosti 1885, zikatia nanga mbele ya jumba la babake na mizinga yake ikaelekea mjini. Wajerumani walitaka Barghash akubali kwamba nchi walizojitwalia huko bara ni zao. Barghash aliwategemea Waingereza, maana kwa miaka walikuwa wakimwita rafiki. Rafiki akamshauri akubali. Mwaka uliofuata, 1886, Uingereza na Ujerumani wakakaa wao kwa wao wakaigawa bara. Sultani wakamwachia visiwa, baadhi ya miji ya kaskazini, na ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10 tu. Hicho ndicho kipande ambacho sisi wa pwani ya Kenya tumezaliwa juu yake na tunakiita Mwambao. Mpaka wake haukupimwa na mwenyeji.

Barghash akafa Machi 1888. Khalid alikuwa na miaka 14.

Sharti ndani ya mkataba

Baada ya Barghash, kiti kilikwenda kwa nduguze. Kwanza Seyyid Khalifa bin Said, ambaye hakukaa ila miaka 2, kisha Seyyid Ali bin Said mwaka 1890. Hapo tusimame kidogo, kwa sababu mwaka huo ndio uliokata maneno.

Julai 1890 Uingereza na Ujerumani walifanya mapatano mengine. Mwingereza akampa Mjerumani kisiwa kidogo cha Heligoland kilichoko bahari ya kaskazini ya Ulaya. Mjerumani naye akaiacha Witu, na akakubali Unguja na Pemba ziwe chini ya himaya ya Mwingereza. Pwani ya Tanganyika Mjerumani akainunua kwa Sultani kwa mark milioni 4. Yaani kisiwa ambacho hakuna mtu wa Unguja aliyepata kukiona kikawa sehemu ya bei ya Unguja.

Seyyid Ali akatia saini mkataba wa himaya. Ndani yake mlikuwa na sharti moja lililoonekana dogo: Sultani ana haki ya kumtaja atakayemrithi, lakini mrithi huyo lazima akubaliwe na serikali ya Uingereza. Kwa desturi ya ukoo wa Busaidi, kiti hakikuwa na mstari mmoja wa baba kwa mwana. Mwenye nguvu, mwenye watu na mwenye kukubaliwa na wakubwa wa ukoo ndiye aliyeketi. Desturi hiyo ilikuwa na fitina zake, na damu ilishamwagika kwa ajili yake. Lakini fitina zilikuwa za wenyewe. Sharti la 1890 likaitoa hukumu jumbani na kuipeleka katika nyumba ya balozi.

Mwaka 1891 mambo yakakazwa zaidi. Hazina ya Sultani ikatenganishwa na hazina ya serikali, na Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa mkuu wa jeshi la Sultani, akawekwa kuwa waziri wa kwanza. Kuanzia hapo Sultani akawa anapokea posho katika nchi yake.

Machi 1893 akafa Seyyid Ali. Khalid, kijana wa miaka kama 19, akaingia jumbani kudai kiti cha babake. Balozi Rennell Rodd akamwonya na kumtolea askari, na Khalid akatoka. Akawekwa Seyyid Hamad bin Thuwaini, mjukuu wa Seyyid Said. Waingereza walimwona mtu mzima na mtulivu zaidi. Khalid alitoka bila kumwagika damu, na labda hilo ndilo lililomkosesha, maana Waingereza walijua sasa kwamba akitishwa huondoka. Yeye naye kwa upande wake huenda alijiambia kwamba mara ya pili hatoondoka.

Huku kwetu Mvita

Mambo ya Unguja hayakuwa mbali na ya huku. Kampuni ya Kiingereza, iliyopata haki ya kuuendesha Mwambao kwa niaba ya Sultani tangu 1887 na 1888, ilikuwa imefilisika. Mwaka 1895 serikali ya Uingereza ikaichukua nchi moja kwa moja. Kampuni ikalipwa fidia ya pauni 250,000, na pauni 200,000 katika hizo zilitoka katika fedha za Unguja. Zilikuwa ndizo zile fedha za Mjerumani alizolipia pwani ya Tanganyika. Sultani aliuziwa pwani moja, kisha fedha zake zikatumika kumwondoa mpangaji katika pwani nyingine, naye akabaki kupokea kodi ya mwaka.

Mwaka huo huo akafa liwali wa Takaungu, Salim bin Khamis al-Mazrui. Pakazuka mzozo wa nani amrithi. Kampuni ikamkubali Rashid bin Salim na kumpita Mbaruk bin Rashid wa Takaungu. Ugomvi ukasambaa, ukamvuta yule mzee maarufu, Sheikh Mbaruk bin Rashid wa Gazi, na pwani ikawaka moto kuanzia Takaungu hadi Vanga. Agosti 1895 mabaharia wa Kiingereza wakaishambulia ngome ya Mbaruk huko Mwele, katika milima ya Kwale. Aliyewaongoza alikuwa Admeri Harry Rawson. Lishike jina hilo. Askari wakaletwa kutoka India, na Aprili 1896 Sheikh Mbaruk akavuka mpaka na watu wake, akajisalimisha kwa Wajerumani.

Takaungu na Unguja zilikwenda kwa njia moja. Mwenyeji amekufa, ndugu wanagombea, na mgeni anamchagua yule atakayekuwa mwepesi kwake. Wasiokubali huitwa waasi.

Siku mbili za ufalme

Tarehe 25 Agosti 1896, karibu na adhuhuri, Seyyid Hamad alifariki ghafla. Mjini watu walinong'ona kwamba ametiliwa sumu, na wengine wakamtaja Khalid, lakini hilo halikuthibitishwa. Kabla jua halijashuka Khalid alikuwa ameshaingia jumbani. Sultani akazikwa, na Khalid akajitangaza.

Balozi mkuu, Arthur Hardinge, ambaye ndiye pia aliyekuwa kamishna wa himaya ya Afrika Mashariki yenye makao Mombasa, hakuwapo. Aliyeshika nafasi yake ni Basil Cave. Cave na Mathews walikuwa na mtu wao, Seyyid Hamoud bin Muhammed, naye pia mjukuu wa Seyyid Said. Wakamwambia Khalid atoke. Khalid akajibu kwamba hili ni jumba la babake.

Usidhani Khalid alikuwa peke yake. Ndani ya jumba na viwanja vyake walikusanyika watu wapatao 2,800. Walikuwamo walinzi wa marehemu Hamad, askari, watumishi, watumwa, na raia wa mji waliochukua silaha. Walikuwa na bunduki, mizinga ya rasharasha, mizinga miwili ambayo Kaisari wa Ujerumani alimpa Sultani zawadi, na mzinga mmoja wa shaba wa zamani sana. Baharini walikuwa na meli moja, Glasgow, ambayo Barghash aliiagiza baada ya tufani ya 1872 kuziharibu meli zake. Ilikuwa chombo cha fahari, haikuwa chombo cha vita.

Upande wa pili, bandarini zilikuwapo Philomel na Thrush, na Sparrow ikaingia. Tarehe 26 zikafika Racoon na St George, na ndani ya St George alikuwamo Admeri Rawson, yule yule wa Mwele. Cave akapeleka simu London kuuliza kama ana ruhusa ya kupiga. Lord Salisbury, waziri mkuu aliyeshika pia mambo ya nchi za nje, akamjibu kwamba afanye atakaloona linafaa na serikali itamuunga mkono, ila asianze jambo ambalo hana yakini ya kulimaliza. Nchi ya watu iliamuliwa kwa simu mbili tatu.

Usiku ule wa tarehe 26 mji ulinyamaza. Wanawake na watoto wa Kizungu walikuwa wameshaondolewa wakapelekwa kwenye meli. Khalid akapelekewa muda wa mwisho: bendera yake iteremshwe kabla ya saa 3 asubuhi, au apigwe. Asubuhi alituma mjumbe kuomba mazungumzo, na kusema kwamba haamini Waingereza watafyatua. Jibu lilikuwa kwamba watafyatua asipokubali masharti.

Kwa nini hakuamini? Tumuelewe. Mwaka 1885 Wajerumani waliielekeza mizinga na hawakupiga. Mwaka 1893 walimtishia na hawakupiga. Babake alipelekwa Bombay kisha akarudi kuwa Sultani. Katika maisha yake yote Khalid aliona mizinga ikitumika kutisha, na huenda alihesabu kwamba asipotishika watakuja kuzungumza. Hesabu hiyo haikuwa ya mwendawazimu. Ilikosea kwa sababu siasa ya Mwingereza ilikuwa imeshabadilika. Zamani alihitaji Sultani mwenye nguvu ili atawale kupitia kwake. Sasa alihitaji Sultani asiye na nguvu.

Dakika 38

Saa 3 na dakika 2 asubuhi ya tarehe 27 Agosti, meli zikaanza. Majumba ya Beit al-Hukm na Beit al-Sahel, pamoja na nyumba ya wanawake, yalijengwa kwa boriti na mawe ya matumbawe, hayakujengwa kwa ajili ya kuhimili makombora. Yakaporomoka juu ya waliomo. Moto ukashika. Glasgow ikajaribu kuipiga St George kwa mizinga yake midogo, ikapigwa ikazama, na milingoti yake ikabaki imechomoza majini kwa miaka mingi baadaye. Saa 3 na dakika 40 bendera ya jumba ikaanguka na mizinga ikanyamaza.

Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Upande wa Khalid, karibu watu 500 waliuawa au kujeruhiwa. Wengi walikuwa watumishi, watumwa na askari wa kawaida, watu ambao hakuna aliyewauliza kama wanamtaka Khalid au Hamoud. Mjini wezi wakavamia maduka, na Wahindi wapatao 20 wakauawa katika vurugu hiyo. Askari wa Kisikh 150 wakaletwa kutoka Mombasa kuutuliza mji. Wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi. Hapa tembo alikuwa mmoja tu, na nyasi ziliumia vile vile.

Alasiri ya siku hiyo hiyo Seyyid Hamoud akawekwa kitini. Mwaka uliofuata, Aprili 1897, akatia saini amri ya kuufuta utumwa kisheria Unguja na Pemba. Hapa lazima tuseme kweli yote. Kuufuta utumwa lilikuwa jambo la haki, tena lilichelewa. Utajiri wa majumba yale, na wa mashamba ya karafuu, ulisimama juu ya migongo ya watu waliotolewa kwao kwa nguvu, na hatuna habari kwamba Khalid alikusudia kuwaachilia. Lakini tazama lilivyofanywa: fidia walilipwa waliokuwa mabwana, na mtumwa mwenyewe hakulipwa kitu kwa miaka yake. Huku kwetu Mwambao, nchi ambayo Mwingereza aliitawala moja kwa moja tangu 1895, utumwa haukufutwa kisheria mpaka 1907. Kama huruma kwa watumwa ndiyo iliyofyatua mizinga Unguja, mbona Mombasa ilingoja miaka 10 zaidi?

Bustani ya balozi wa Kijerumani

Riwaya zinatofautiana juu ya saa aliyotoka Khalid jumbani. Wapo wasemao alikimbia baada ya kombora la kwanza, na wapo wasemao alikaa zaidi. Lililo wazi ni kwamba siku hiyo aliingia katika nyumba ya balozi wa Kijerumani akiwa na makumi ya wafuasi wake. Waingereza wakaweka askari mlangoni wamkamate akitoka tu. Wakamdai. Wajerumani wakakataa, wakisema mkataba wao na Uingereza wa kurudishiana wahalifu hauwahusu wakimbizi wa siasa. Wakaahidi kumwondoa bila ya yeye kukanyaga ardhi ya Unguja.

Tarehe 2 Oktoba 1896 maji yalijaa sana. Mashua ya manowari ya Kijerumani Seeadler ikaja mpaka kwenye bustani ya ubalozi. Khalid akashuka kutoka bustanini akaingia mashuani moja kwa moja, hakukanyaga barabara ya mji, akapelekwa Dar es Salaam. Mwana wa Barghash aliondoka Unguja kwa mtindo wa bidhaa isiyolipiwa ushuru.

Dar es Salaam alikaa kwa miaka 20, mgeni wa Wajerumani. Huko alimkuta Sheikh Mbaruk wa Gazi, aliyetangulia miezi michache tu. Watu wawili, Mbusaidi na Mazrui, koo ambazo zimepigana kwa ajili ya Mombasa tangu siku za Seyyid Said, wakajikuta wakimbizi katika mji mmoja kwa sababu moja. Mbaruk alifia huko mwaka 1910.

Tusiwasifu Wajerumani kwa kumhifadhi. Mtu mwenye madai juu ya kiti cha Unguja ni karata, na karata hutunzwa mpaka siku ya kuchezwa. Siku hiyo haikufika. Na kwa wenyeji wa upande wao Wajerumani hawakuwa na huruma yoyote: wakati Khalid yuko Dar es Salaam, walivizima vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 kwa kuchoma vyakula, na njaa ikaua watu wasiohesabika.

Visiwani, kisha Mombasa

Vita vikuu vya kwanza vilipofika Afrika Mashariki, Waingereza waliuteka mji wa Dar es Salaam Septemba 1916. Khalid akaangukia mikononi mwao, miaka 20 baada ya kuwaponyoka. Hakuwa kijana tena, hakuwa na jeshi, na Unguja ilikuwa na Sultani wa tatu tangu siku yake. Hata hivyo wakampeleka uhamishoni, Saint Helena na Seychelles.

Visiwa hivyo viwili vilikuwa ghala la Mwingereza la wafalme. Saint Helena ndiko alikofia Napoleon mwaka 1821, na ndiko alikofungwa Dinuzulu wa Wazulu. Seychelles walipelekwa Mwanga wa Buganda na Kabalega wa Bunyoro, na Prempeh wa Asante akakaa huko hadi 1924. Mtu wa Ghana, mtu wa Uganda na mtu wa Unguja, wote wakatazama bahari ile ile wakiulizana lini watarudi. Hawakuwa na lugha moja wala dini moja. Kilichowaunganisha ni kwamba kila mmoja alikataa kuambiwa na mgeni nani atawale kwao.

Mwisho Khalid aliruhusiwa kurudi Afrika Mashariki, lakini Unguja hakurudishwa. Akaja Mombasa.

Wazia Mombasa aliyoikuta. Tangu 1920 bara ilikuwa imeitwa Koloni ya Kenya na Mwambao ukabaki Himaya, kwa kuwa kwa sheria nchi ilikuwa ya Sultani wa Unguja na Mwingereza ni mpangaji. Juu ya Ngome ya Yesu ilipepea ile bendera nyekundu ya ukoo wake. Ndani ya ngome hiyo Mwingereza alikuwa amefanya jela. Kodi ya pwani ilikwenda Unguja kwa Seyyid Khalifa bin Harub, jamaa yake, aliyekalia kiti tangu 1911. Khalid alikaa katika mji ambao kwa karatasi ulikuwa wa ukoo wake, chini ya bendera ya babake, akiwa hana ruhusa ya kwenda alikozaliwa, mwendo wa usiku mmoja kwa jahazi. Akafariki hapa Machi 1927.

Yatuhusu nini

Khalid hakuwa walii, wala sisemi kwamba angekuwa Sultani bora kuliko Hamoud. Hatukupata nafasi ya kujua. Alikuwa kijana wa jumba, aliyelelewa katika fahari, na aliwaweka watu wake mbele ya mizinga ambayo mtu mwenye tahadhari zaidi angeiogopa. Damu ya wale 500 haiko juu ya Mwingereza peke yake. Hilo tuseme.

Lakini swali lililokuwa mezani asubuhi ile halikuwa la tabia ya Khalid. Lilikuwa: nani ana haki ya kuchagua mtawala wa nchi? Na jibu la mizinga likadumu. Baada ya 1896 hakuna Sultani wa Unguja aliyethubutu tena kukataa neno la balozi. Na kwa kuwa Sultani ndiye aliyekuwa mwenye Mwambao kwa sheria, siku ile mwenye nyumba alinyamazishwa kwa niaba ya watu wote waliokaa ndani yake, wa Lamu, Malindi, Mombasa na Vanga, Waswahili, Wamijikenda na Waarabu.

Ndiyo maana ilipofika Oktoba 1963, Mwambao ulipokabidhiwa Kenya, jambo lilimalizwa kwa mapatano kati ya serikali. Serikali ya Unguja na serikali ya Kenya zikakubaliana, Uingereza ikashuhudia, na ahadi kuhusu kadhi, dini, shule na ardhi zikaandikwa. Wapo pwani waliofurahia kujiunga na Kenya na wapo waliotaka vingine, na kila upande ulikuwa na hoja zake. Lakini kura ya wakaazi wa Mwambao haikupigwa. Desturi ya kuamua mambo ya pwani bila watu wa pwani ilishakuwa na umri wa miaka 77, ukihesabu tangu ile mipaka ya 1886.

Admeri Rawson naye aliendelea na kazi. Februari 1897, miezi sita baada ya Unguja, aliongoza jeshi lililouteka na kuuteketeza mji wa Benin, Nigeria ya leo, na vinyago vyake vya shaba vikachukuliwa kupelekwa Ulaya. Mtu mmoja, miezi 18: Mwele, Unguja, Benin. Leo watu wa Benin wanavidai vinyago vyao, na vingine vimeanza kurudishwa. Sisi wa huku tuliibiwa kitu ambacho hakiwekwi katika kabati ya kioo, kwa hivyo ni vigumu hata kukidai.

Kipo kimoja tunachoweza kukirudisha wenyewe, nacho ni habari kamili. Katika mji huu zimo familia ambazo wazee wao walimwona Seyyid Khalid akitembea, walimsalimia, pengine walimbeba alipokufa. Zimo pia familia ambazo mababu zao walikuwamo katika majumba yale ya Unguja tarehe 27 Agosti, wakiwa askari, watumishi au watumwa. Habari hizo zimo vinywani na hazijaandikwa, na kila jeneza linalotoka huondoka na baadhi yake. Mwenye bibi au babu aliye hai na amuulize leo, na aandike anachoambiwa, majina hasa. Vita vile vimepewa dakika zake. Watu wake bado.